Siku moja na futi ya kiuno, kliniki ya sukari Temeke

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, daladala imejaa mpaka mlangoni, saa moja kasoro nipo kituoni nimevaa sare.

Mi ni muuguzi kituo cha afya huku Temeke, na siku ya kliniki ya sukari na presha nakaa meza ya kwanza, ya vipimo. Watu wanatuita "wale wa mizani". Wengine wanapanda na viatu, simu mfukoni, wanataka tu kadi yao warudishiwe waende kwa daktari. Ndo maana nimeamua kuandika, kwasababu wengi wanaogundulika na sukari hawakuja wakilalamika chochote, wanakamatwa na hizo namba za mezani kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari, na nawaona kabisa mtaani wakitembea hawajijui.

Saa moja na nusu nahakikisha mizani inasoma sifuri, halafu naikagua futi. Futi ya kitambaa ikizeeka inavutika, ikivutika inakudanganya kwamba mtu kiuno chake kidogo, kwahiyo natumia isiyovutika.

Saa mbili mpaka saa nne ni akina mama. Nyuma ya pazia, fundo la khanga linafunguliwa, mwenye shanga tunazisogeza taratibu bila maneno mengi, ni mambo yake. Kiuno cha kipimo sio pale suruali au sketi inapokaa. Natafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, natafuta mfupa wa nyonga kwa juu, katikati yake ndo futi inapita, ilale sawa mbele na nyuma, miguu pamoja, mikono chini, nasoma mtu akishatoa pumzi. Mwanamke tunaanza kuwa na wasiwasi sentimita 80, mwanaume 94. Hizo namba Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliazima za Wazungu kwa ajili yetu Waafrika maana data zetu zilikuwa chache, na mi naona ni jambo la kusikitisha, ila kwa sasa ndo tunazo.

Alikuja dada mmoja, mizani inasema uzito umezidi, anaogopa kweli kwasababu majirani washamwambia ana sukari. Kiuno 79, nyonga 112. Ukigawanya inakuja 0.71, na kwa wanawake tunashtuka ikifika 0.85. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana madhara kama ya tumboni. Bado nilimpima damu, ilikuwa nzuri.

Sasa saa nne na kitu akaja mzee kamsindikiza mkewe. Nikamwambia baba karibu na wewe tukupime. "Mimi? Binti, mnene ni huyu, mi nina nini?" Mbele ya watu wote. Mkewe akakaa kimya. Nikamwambia baba dakika mbili tu. Kilo 74, urefu 168, BMI (uzito ukigawanywa kwa urefu mara urefu) 26, imezidi kidogo. Akafurahi, si unaona! Nikashika futi akarudi nyuma, "kiuno changu 34, andika, suruali zote navaa 34." Inchi 34 ni kama sentimita 86, na kweli suruali yake ni 34, ila imefungwa chini ya kitambi, tumbo lote lipo juu ya mkanda! Tukabishana hapo. Nikapima akabana tumbo mpaka uso ukamvimba, nikamwambia baba pumua, akapumua kidogo akabana tena, foleni nyuma inanung'unika, mama mmoja anauliza nesi tunalala hapa leo? Akaniambia kitambi ni afya, akipungua mtaani watasema ana ngoma, yaani UKIMWI. Hilo sikulibeza, watu tumezika ndugu zetu, hofu hiyo naijua. Nikachukua bandeji, nikamsimamisha, nikaipima kutoka kisigino mpaka utosini, nikaikata, nikaikunja nusu, nikamwambia haya baba izungushe mwenyewe tumboni, ingetakiwa ncha zikutane, maana kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Hazikukutana, pengo karibu shibiri nzima. Akasema rudia. Tukarudia. Futi ikasoma 101.

Nikamweleza kwamba mafuta ya ndani ya tumbo yanazunguka ini na matumbo, yanafanya insulini isifanye kazi vizuri, kongosho linajikaza miaka na miaka bila maumivu yoyote mpaka siku linachoka. Alikuwa ameshakunywa chai na chapati, nikamtoboa kidole, sukari ya damu ikasoma 9.8 (mmol kwa lita). Haijafika 11.1 na hana dalili, kwahiyo siwezi kumwambia ana sukari, ila siwezi kumwacha aende hivi hivi pia. Arudi kesho hajala, ikifika 7.0 tunarudia tena kuthibitisha.

Baada ya hapo saa sikuangalia. Miguu inawaka, maji sijanywa. Nakumbuka kijana anabeba mizigo sokoni, BMI 29, kiuno 85, mwili wote msuli. BMI haitofautishi msuli na mafuta, na aliyeibuni, Quetelet, alikuwa mwanatakwimu wa Ubelgiji miaka ya 1830, wala hakuwa na wagonjwa wa sukari akilini. Ukisoma mizani peke yake unamtisha huyu kijana na unamwacha yule mzee.

Foleni imeisha jua limeshapoa. Nikafungua rejista kujumlisha, kurasa za nyuma naona safu ya kiuno imeachwa wazi mstari baada ya mstari, uzito upo, urefu upo, kiuno hakuna. Najua foleni inavyokuwa, najua watu wanavyokataa kushikwa tumbo, lakini jamani wenzangu tuijaze. Mzee nimemwandikia kesho saa moja na nusu, mkewe kasema chai ataificha, na wa zamu ya asubuhi nimemwachia ujumbe asimpime kwanza mizani, aanze na kidole kabla hajapata sababu ya kuondoka.