Tairi za okazioni (zilizokwisha tumika) Goma: anza kwa kuangalia ubavu

Hapa Goma tairi nyingi hufa kwa mawe kabla meno hayajaisha. Jiwe la lava lina ncha kama wembe, na hukata ubavuni, ambako tairi ni nyembamba. Tundu la msumari katikati ya meno linazibika vizuri; mkato wa ubavu hauzibiki. Fundi wa kwado, yaani mziba tairi, akikwambia ataweka kiraka hapo, mshukuru, uondoke. Pitisha kiganja ubavuni pande zote mbili, hasa upande wa ndani, ambao muuzaji hauonyeshi. Ukikuta uvimbe, nyuzi za ndani zimeshakatika.

Kisha tafuta neno DOT ubavuni. Namba 4 za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ikipita miaka 10, iache hata kama meno yanang'aa. Tairi yenye alama ya mlima na theluji mara nyingi ni ya baridi ya Ulaya. Mpira wake laini umetengenezewa chini ya nyuzi joto 7, kwetu utalika upesi.

Kwa mvua, meno yawe na angalau milimita 3. Ulaya sheria inaruhusu 1.6, lakini hapo maji hayana pa kutokea vizuri na gari linaweza kuelea.

Upepo upime asubuhi, gari halijatembea, ukifuata kibandiko cha mlango wa dereva. Usiushushe ili gari "lilainike" kwenye mawe: ukigonga shimo, rimu inabana mpira na kuukata.