Ushauri wa kisayansi unaharibikia kwenye swali

Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama wengi tunaijua kwa vibali vya utafiti. Lakini Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliyoiunda inaipa kazi nzito zaidi: kuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sayansi na teknolojia. Kazi hiyo ina ufundi wake, na mara nyingi huharibika mwanzoni kabisa.

Wizara ikiuliza "tufanye nini na mafuriko ya Jangwani, bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam?" na wataalamu wakalipokea swali hivyo hivyo, zitaandikwa kurasa mia zisizo na msomaji. Kabla ya kuunda jopo, kaeni na aliyeuliza mpaka swali lishikike: daraja la hapo lihimili mvua ya kiwango gani, na kila kiwango kinagharimu shilingi ngapi?

Hapo mtaikuta "mvua ya miaka 50". Kiongozi akiisikia hudhani ikishanyesha mwaka huu, tumepona kwa miaka 49. Sivyo kabisa. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 kwamba mvua ya kiwango hicho au zaidi itanyesha. Kwa mradi wa miaka 30, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ni karibu asilimia 45. Mkisanifu kwa mvua ya miaka 100, unashuka hadi 26 hivi. Mwandikieni hivyo, gharama ikiwa pembeni. Semeni wazi pia kwamba hesabu hiyo inachukulia hali haitabadilika, wakati viwanja vya juu vikizidi kujengwa na kusakafiwa, mvua ileile italeta maji mengi zaidi Msimbazi.

Kuchagua kati ya 45 na 26 ni kazi ya serikali, maana ndiyo inayopima fedha za daraja dhidi ya fedha za dawa. Jopo likificha chaguo moja kisha likakosea, halitaaminiwa tena. Na wajumbe wataje maslahi yao kabla ya kikao cha kwanza: anayewinda zabuni ya usanifu atoe ushahidi, asiandike mapendekezo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti huanza Aprili, kwa hiyo ushauri unaofika Dodoma Mei umekuta mafungu yameshapangwa. Uwahi kabla wizara haijafunga makadirio: kurasa mbili mbele, ushahidi kwenye viambatisho, na nakala iwe wazi kwa umma. Bila nakala hiyo, mhandisi atakayekuja kukarabati daraja hatajua lilisanifiwa kwa mvua ipi.