Mwiba wa kisiginoni

Nilikuwa na miaka 46 siku binti yangu alipoingia ndani akichechemea, mwiba umezama kisiginoni. Nikamkalisha dirishani, nikashika sindano. Nikisogea karibu, kisigino kinageuka ukungu. Nikirudi nyuma hadi mikono inyooke, mwiba nauona, ila sindano inakwenda kombo. Nilimchoma mara mbili pasipohusika.

"Baba, unanitoboa bure!"

"Mlete hapa," akasema mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 74. Miwani yake ya kusomea, aliyoitegemea miaka zaidi ya ishirini, ilikuwa mezani. Hakuigusa. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa unyayo, akachokoa kidogo tu, mwiba huo ukatoka. Akauinua juu ya ncha ya sindano kama nyara. "Mnaona? Macho yangu yamerudi usichanani."

Kweli, miezi kadhaa alikuwa akisoma gazeti bila miwani, na sote tulimsifu. Usiku nikaijaribu miwani ile kwa siri. Herufi zikasimama wima, na mimi nikaona haya.

Lakini alipoinua uso pale dirishani, niliona kitu kilichoninyima raha: duara la rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, limeizunguka sehemu nyeusi ya jicho, mfano wa utando wa maziwa ukingoni mwa kikombe. Huyo ni mtoto wa jicho, nikajiambia. Nikampeleka kwa daktari kwa sababu ya duara hilo tu, naye njia nzima akinung'unika kwamba mgonjwa ni mimi.

Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika. Duara? Mafuta yaliyojikusanya pembezoni mwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Wazee wengi wanalo na halizuii kuona. Kwa kijana angepima kolesteroli, kwa mama hapana. Nikashusha pumzi.

"Na hii ya kusoma bila miwani, imeanza lini?"

Mama akasimulia kwa majivuno, pamoja na habari ya mwiba. Daktari akamwonyesha herufi za ukutani. Mama alisoma mstari wa juu, akanyamaza.

Mtoto wa jicho alikuwepo, ila si pale nilipomwona. Lenzi ya ndani ilikuwa inakuwa ngumu na nzito katikati, ikipinda mwanga kuliko zamani. Ndiyo maana vya karibu vilimng'aria na vya mbali vikampotea. Hakuna haraka, daktari akasema. Ikimsumbua, itatolewa na kuwekwa ya bandia. Mimi nikaandikiwa miwani ya kusomea. Lenzi zangu zimekakamaa tu, jambo la umri.

Njiani mama alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo ule mwiba niliuona kwa ugonjwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kabla hawajamtoa huyo mtoto, leteni miiba yote iliyobaki."