Tomcat na injini ya "weka hii kwanza"

Kijiweni kwetu hapa Mwanga, Kigoma mjini, ubishi wa ndege za kivita hauishi, na juzi dogo mmoja wa boda katamka eti kubadilisha injini ya ndege ni hesabu ya nguvu tu, unachukua yenye msukumo mkubwa unafunga, biashara imeisha. Abiria akatokea dogo akasepa, kwaiyo jibu lake naliweka hapa.

Chukua F-14 Tomcat, ile ya jeshi la majini la Marekani yenye mabawa yanayosogea mbele na nyuma. Ilipaa mara ya kwanza Desemba 1970 na injini mbili za TF30 za Pratt & Whitney, injini ambazo zilikuwa zinatumika kwenye F-111, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, na mpango ulikuwa hizo ni za kushikia tu, ndege za mwanzo zitoke nazo afu ije injini nyingine, F401, yenye nguvu zaidi. F401 ikafungwa kwenye ndege ya majaribio, ikapaa 1973, ila ikawa na matatizo yake na pesa nayo ngumu, ikapigwa chini. Basi ile ya kushikia ndo ikabaki. Miaka na miaka.

Sa watu wanadhani TF30 ilikuwa dhaifu. Haikuwa dhaifu kihivyo, ukiwasha aftabana (pale mafuta ya ziada yanachomwa nyuma ya injini) inatoa pauni 20,900 hivi za msukumo. Shida ni hewa. Ile injini inataka hewa iliyotulia, na ndege ya kivita kazi yake ni kukata kona na kuinua pua ghafla huku rubani anaongeza mafuta anapunguza anaongeza tena, hewa inaingia imevurugika, bledi za kompresa, yaani mapanga ya mbele yanayobana hewa, zinashindwa kuibana, inarudi ilikotoka kwa kishindo na nguvu inakata. Ndo wanaita kompresa stoli. Na Tomcat injini zake zimekaa mbalimbali, kama futi 9 hivi, moja ikikata ile nyingine inasukuma upande mmoja tu, ndege inaanza kujizungusha na kuitoa hapo sio kila rubani aliweza. Yaani mtu badala ya kumuwaza adui anaibembeleza injini! 1984 John Lehman, aliyekuwa mkuu wa kiraia wa jeshi lao la majini, aliliambia Bunge la kwao wazi kwamba ndege hii na injini hii haviendani, na zaidi ya robo ya Tomcat zilizopotea alizihesabu kwa TF30.

Mbadala ukatoka kampuni ya General Electric, injini ya F110, ambayo moyo wake umetokana na injini ya F101 ya ndege ya mabomu ya B-1. Nguvu ilikuwepo, pauni 27,000 hivi, ila dogo angalia hapa: ilikuwa fupi kwa mwili wa Tomcat, ikabidi iongezwe urefu kama inchi 50 ndo ikae vizuri bila kuichana ndege upya. Ilipokaa, rubani akawa huru kucheza na mafuta anavyotaka, na kuruka kutoka melini bila aftabana ikawezekana.

Kwenye F-16, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, ikawa kinyume, pale ndege ndo ilibadilika. F110 inakula hewa nyingi kuliko F100, injini yake ya mwanzo, kwaiyo ndani ya toleo la Block 30 wakaanza kupanua mdomo wa kuingizia hewa.

Najua wazee wa mwisho wa reli watanitajia meli ya Liemba, kwamba mbona ilitolewa injini ya mvuke ikawekwa dizeli miaka ya 70 na maisha yakaendelea. Sawa wazee wangu, shikamooni, ila meli ina tumbo, unaweza ukajenga msingi mpya ukapitisha bomba unapotaka. Ndege ya kivita haina hiyo nafasi, ukibadili uzito wa nyuma kidogo tu mizani yote imehama.

Mi kwa upande wangu nikipewa nichague, msukumo nauliza mwisho. Cha kwanza inavumilia hewa mbovu au haivumilii, cha pili inaingia kwenye mwili uliopo au haiingii, afu nani anauza spea na kesho mkigombana itakuwaje. Wahindi walianza injini yao ya Kaveri 1989, ikashindwa kufika, ndege yao ya kivita Tejas ikapaa 2001 na injini ya F404 ya Marekani, mpaka leo wako kwenye foleni ya General Electric, injini 99 waliagiza 2021 na ya kwanza wamepokea Machi 2025.

Wairani ndo kabisa. Walinunua Tomcat zao kabla ya mapinduzi ya 1979, wakiwa marafiki wa Marekani, zikaja na TF30. F110 wangeenda kuiomba kwa nani?