Kumbukumbu ya mradi: kompyuta 12, darasa la tatu, muhula wa kwanza

Lengo la muhula ni moja tu na limeandikwa ubaoni: mtoto achore au aandike kitu, aihifadhi kazi yake, na wiki inayofuata aikute na kuifungua mwenyewe. Kipanya, kibodi na Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kupanga amri za kompyuta kwa vipande vya rangi, vyote vimepangwa kumfikisha hapo. Darasa lina watoto 48. Tumeligawa vikundi viwili vya watoto 24, yaani wawili kwa kila mashine. Kila kikundi kina vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, mara moja kwa wiki.

Vifaa na umeme

Mashine za watoto ni Raspberry Pi 400, ile kompyuta iliyofichwa ndani ya kibodi. Ina RAM ya GB 4, haina feni wala diski, na kila kitu kinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya GB 32. Vioo, yaani skrini, ni vya mtumba, inchi 19. Mashine ya 13 ni Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD inayochomekwa USB. Hiyo ndiyo seva: inatunza kazi za watoto na kuendesha Kolibri, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Ruta inaziunganisha zote bila laini ya nje. Intaneti haitawekwa muhula huu, kwa sababu hakuna hata hatua moja kwenye ratiba inayoihitaji.

Tulizichagua Pi kwa sababu ya umeme. Kioo kinakula W 18 na Pi W 5 hivi, kwa hiyo meza 12 zinakula W 276. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake inakaribia W 100, na 12 zingefika W 1,200. Kwa siku ya vikundi viwili, dakika 160, Pi zinamaliza yuniti 0.74 za LUKU. Za mezani zingemaliza 3.2. Mradi unaoibebesha shule bili ya umeme huishia chumba kufungwa kwa kufuli, hata mashine zikiwa nzima.

Chumba kina soketi 3 za ukutani zenye matundu mawili mawili. Tumeweka ekstensheni 6 za matundu 4, kila moja ikihudumia meza mbili. Hakuna ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Seva iko ofisini, chumba cha pili, nyuma ya UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika.

Adapta ndizo zilizoleta usumbufu wa kwanza. Pi 400 inataka V 5.1 na A 3. Chaja za simu za A 2 zinaiwasha vizuri, kisha Scratch ikifunguliwa alama ya radi inatokea juu ya kioo na mashine inakuwa nzito. Alama hiyo maana yake umeme umeshuka chini ya V 4.63. Waya mwembamba wa chaji unaleta tatizo lilelile hata adapta ikiwa nzuri, kwa hiyo nunua adapta ambayo waya wake haung'oki.

Waya wa kioo unaingia tundu la micro HDMI lililo jirani na kadi ya kumbukumbu, si lile la pili. Kioo kiwashwe kwanza, Pi baadaye, la sivyo picha inaweza isitokee kabisa. Tundu hilo ni dogo na laini. Mtoto akiivuta kibodi kuelekea kifuani kwake, waya unalivunja. Tumeufunga kila waya kwenye mguu wa meza kwa kibanio cha plastiki, tukauachia ulegevu wa sentimita 15.

Kadi mama

Tuliandaa kadi moja, tukaipa jina kadi mama: mfumo wa Raspberry Pi OS, Tux Paint ya kuchora, GCompris ya michezo ya kujifunza, Tux Typing ya kuchapa, na Scratch 3. Nyingine 11 zilinakiliwa kwa SD Card Copier iliyomo ndani ya mfumo. Kunakili kadi nzima biti kwa biti kulikwama, kwa sababu kadi mbili zilizoandikwa GB 32 hazilingani kamili, na kadi ndogo kidogo haiwezi kupokea picha ya kadi kubwa. SD Card Copier inanakili mafaili na kupanga ukubwa upya, ndiyo maana inafaulu. Kila kadi ikapewa jina lake la mashine, m01 hadi m12. Hatua hiyo usiiruke. Mashine mbili zenye jina moja zitaandika kwenye folda moja.

Mwisho tuliwasha kinga ya kadi, ile iitwayo Overlay File System kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi. Kadi inakuwa ya kusomwa tu. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kadi haiharibiki, na mashine ikiwashwa inarudi kama ilivyokuwa asubuhi.

Wiki ya 1

Kompyuta hazikuwashwa. Tulichora miraba 5 kwa 5 sakafuni kwa chaki. Mtoto mmoja ni roboti, mwingine anatoa amri: mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Hapa kuna jambo la lugha. Ukimwambia mtoto "pinda kulia", anageuka na kupiga hatua kwa pamoja, kwa sababu ndivyo tunavyoelekezana njiani. Roboti anafika mraba usio wake na kikundi kizima kinabishana. Tulitenganisha amri: "geuka kulia papo hapo", kisha "mbele hatua 1". Baada ya hapo ubishi ulikwisha. Faida yake inaonekana wiki ya 9.

Wiki ya 2 na 3: kipanya

Watu wazima husahau ugumu wa kifaa hiki. Mkono unatembea mezani, jicho liko kiooni, na mwelekeo wa mbele mezani unakuwa juu kwenye kioo. Makosa matatu yalijirudia karibu kila meza.

La kwanza, mtoto anafika ukingo wa meza na kipanya kinaishia hapo, mshale bado uko katikati ya kioo. Hajui kwamba anaweza kukinyanyua, kukirudisha na kuendelea. Anyanyue, arudishe, aendelee: tulifanya zoezi hilo peke yake kwa dakika 10, wakitamka pamoja.

La pili, kubofya mara mbili. Mtoto anabofya, mkono unasogea kidogo, anabofya tena mahali pengine, na kompyuta inahesabu mibofyo miwili ya kawaida. Kwenye mipangilio ya kipanya tuliongeza muda unaoruhusiwa kati ya mbofyo na mbofyo, tukapunguza mwendo wa mshale. Kiganja kikae mezani, kidole ndicho kifanye kazi.

La tatu, kuburuta. Mtoto anaachia kitufe njiani. Kipanya cha kawaida ni kikubwa mno kwa mkono wa mtoto wa miaka 8, naye hukishika kwa vidole vyote vitano kama anayeshika chungwa. Tulibadilisha 8 kati ya 12 kwa vile vidogo vya kompyuta mpakato, vya waya. Visivyo na waya vinapotea na vinakula betri.

GCompris ina michezo mitatu inayofuatana vizuri: picha inafunuka kwa kusogeza kipanya tu, kisha kwa kubofya, kisha kwa kubofya mara mbili. Tuliifuata kwa mpangilio huo na hatukumruhusu mtoto kuruka.

Dereva na konda

Watoto wawili kwenye mashine moja maana yake mmoja anafanya na mwingine anatazama, usipoweka utaratibu. Tulichukua mfano wa daladala. Dereva ndiye mwenye kipanya na kibodi. Konda anashika kadi ya hatua na kuzisoma kwa sauti, haruhusiwi kugusa usukani. Kengele inalia kila dakika 7, wanabadilishana viti. Wabadilishane viti, si kupasiana kipanya. Tulipojaribu kupasiana kipanya, aliyekaa katikati ya kioo aliendelea kuamuru.

Kadi ya hatua ina mistari isiyozidi 6, herufi kubwa za kutosha kusomeka kwa mbali. Mtoto anayesoma taratibu apewe ukonda kwanza, ili asome kabla mkono wa mwenzake haujaanza kukimbia.

Wiki ya 4: michoro ilipotea

Watoto walichora nyumba, samaki na majahazi kwenye Tux Paint, wakabofya kitufe cha kuhifadhi, wakafurahi. Wiki iliyofuata hapakuwa na mchoro hata mmoja. Ile kinga ya kadi ilifuta kila kitu mashine zilipozimwa, kwa sababu Tux Paint huhifadhi ndani ya folda iliyojificha ya mtumiaji, na folda hiyo iko kwenye kadi. Kosa ni letu la upangaji, na lina gharama: mtoto aliyeambiwa "hifadhi" kisha akakuta patupu anajifunza kwamba kuhifadhi ni neno la bure.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, folda ya seva iitwayo KAZI ZETU inajiunganisha yenyewe mashine inapowaka, na ndani yake kuna m01 hadi m12. Pili, kwenye faili la mipangilio, /etc/tuxpaint/tuxpaint.conf, mstari wa savedir unaelekezwa kwenye folda ya mashine husika. Zima kinga kwanza, badilisha, jaribu, kisha iwashe tena. Ukibadilisha kinga ikiwa imewashwa, mabadiliko yenyewe yatafutika.

Wiki ya 5: saa

Michoro sasa ilibaki, ila mpangilio ulikuwa wa ajabu. Kazi ya leo ilikaa katikati ya za wiki iliyopita. Tux Paint huyapa mafaili majina kwa tarehe na saa, na Pi 400 haina saa yenye betri. Bila intaneti, inaanzia pale saa ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Na kwa kuwa kadi imefungwa, kila asubuhi inaanzia dakika ileile. Folda ya pamoja ingekuwa mbaya zaidi, kwani mashine mbili zingeweza kutoa jina lilelile na mchoro mmoja kuukanyaga mwingine.

Tulifunga kisaa chenye betri, DS3231, kwenye pini za seva: pini 1 ya V 3.3, pini 3, pini 5, na pini 9 ya hasi. Kwenye faili la mipangilio ya seva, config.txt, unaongezwa mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Seva inagawa saa kwa mashine nyingine kwa programu ya chrony. Mstari wa "local stratum 10" uwepo kwenye mipangilio ya chrony. Bila huo, seva isiyo na intaneti inajiona haina saa ya kuaminika, na mashine nyingine hazipokei saa yake.

Wiki ya 6 na 7: kibodi

Herufi kwenye kibodi ni kubwa, wakati kitabu cha mtoto kimejaa ndogo. Aliyezoea "g" na "r" haoni haraka kuwa ndizo G na R. Tulibandika vipande vya karatasi yenye herufi ndogo chini ya utepe angavu, kwa herufi nane zinazowachanganya zaidi. Tatizo jingine ni mtoto kukandamiza kitufe na kuacha kidole, akapata mmmmmmmm. Ongeza muda wa kusubiri kabla herufi haijajirudia.

Masomo ya kuchapa yaliyotengenezwa kwa Kiingereza hayatufai sana. Q na X hazimo katika maneno ya Kiswahili, na A imejaa kila mahali, tena inapigwa na kidole cha mwisho cha kushoto, kile dhaifu. Uzuri ni kwamba safu ya katikati peke yake inatosha kuandika maneno kamili: kaka, dada, saa, kaa, lala, shaka, kasha, ghala, dagaa. Tuliyaweka kwenye orodha yetu ya Tux Typing. Mtoto anapoandika "dagaa" na kukisoma alichokiandika, huhitaji kumwambia arudie. Dakika 15 zinatosha. Zaidi ya hapo mikono inachoka na macho yanarudi kwenye vidole.

Wiki ya 8

Mapumziko ya katikati ya muhula. Vumbi lilifutwa kwa kitambaa kikavu. Chumba kinapigwa deki, hakifagiliwi.

Wiki ya 9: Scratch

Lugha inabadilishwa kwa alama ya dunia juu ya ukurasa, Kiswahili kimo. Fanya hivyo kwenye kadi mama, usimwachie mtoto. Tulitoa vipande vinne tu: kuanza kwa bendera ya kijani, kusogea, kugeuka, kurudia. Paka atembee mraba: hatua 100, geuka digrii 90, rudia mara 4. Waliocheza kwenye miraba ya chaki hawakushangaa paka kugeuka bila kusogea. Kosa lililobaki ni vipande vilivyokaribiana bila kushikana: kwa macho vinaonekana vimeungana, ila paka hafuati. Mwonyeshe mtoto aburute kipande cha juu. Vilivyoshikana vitafuata vyote, kisichoshikana kitabaki.

Kuhifadhi kwenye Scratch ni kazi tofauti na Tux Paint. Hapa kuna dirisha la kuchagua folda na kuandika jina. Jina ni namba ya mtoto na neno moja: 17mraba. Jina kamili la mtoto haliandikwi kwenye faili.

Wiki ya 10: kipimo

Kila mtoto peke yake, dakika 5, bila konda. Afungue KAZI ZETU, atafute faili lake la wiki iliyopita, aongeze kitu kimoja, ahifadhi, afunge. Mwalimu anaandika hatua aliyokwama, si maksi. Wengi walikwama mahali pamoja, kwenye dirisha la kuhifadhi, pale linapouliza kama faili la zamani libadilishwe. Neno "badilisha" liliwatisha, wakabofya ghairi na kupoteza kazi ya siku. Wiki ya 11 inaanza na zoezi la dirisha hilo kwenye karatasi, kisha kwenye mashine, na konda ndiye atakayesoma swali kwa sauti kabla dereva hajabofya.

Kabla ya kipindi hicho: kunakili kadi 2 za akiba kutoka kadi mama, kubadilisha waya wa kioo meza ya 7, na kunakili KAZI ZETU yote kwenye diski ya pili itakayokaa nje ya ofisi.