Magurudumu ya chukudu ndogo yasipasuke

Chukudu ni skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo; mimi natengeneza ndogo za watoto hapa Goma, zile za kuvuta kwa kamba. Shida ilikuwa magurudumu. Kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye tawi la mkaratusi kikikauka kinapasuka toka moyoni hadi gandani, kwani mti husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea katikati. Mafuta yalichelewesha tu ufa.

Sasa nagundisha mbao mbili nyembamba, kavu kabisa, nyuzi zikipishana msalaba. Nazibana usiku kucha, ndipo nakata duara. Fundi viatu jirani hunipa mabaki ya tairi. Tunayapigilia ukingoni kwa vimisumari, kama chukudu kubwa za kubebea makaa. Mama mshonaji hutuletea vigunia vya kitenge, ndiyo mizigo yenyewe. Rangi bado tunabishana: yeye anataka nyekundu, mimi nataka mti uonekane.