Maua ya msimu Arusha, panda kwa kufuata mvua

Bustani nyingi hapa Arusha ni kijani tu mwaka mzima, ukoka, michongoma, mparachichi mmoja basi, halafu mwenye nyumba anakwambia maua ni kazi. Mi naona shida sio kazi, shida ni kwamba tunapanda ua zuri kwenye kipindi ambacho sio chake.

Chukua petunia. Mtu anapita kwenye vitalu vya barabarani anazikuta zimechanua kwenye viriba, anabeba hata kama ni mwezi wa nne, na masika ya huku unayajua, mvua inashinda inanyesha, maua yanalowa yanasinyaa, shina linaoza chini na konokono wanamalizia usiku. Petunia ipande mwezi wa sita mvua zikishakata, sehemu yenye jua, hapo hata baridi ya mwezi wa saba haiitishi. Ukiona matawi yamerefuka na maua yamebaki nchani tu, kata karibu nusu, usiionee huruma kabisa, baada ya wiki chache inachipua upya na inajaa kuliko mwanzo.

Vuli ikikaribia, mwezi wa kumi hivi, ni zamu ya zinia. Hii usihangaike na miche maana haipendi kuhamishwa, mbegu unaifukia sentimita moja hapohapo inapokaa, ndani ya wiki imeota, na Krismasi unakata maua ya mezani, nyekundu, pinki, njano, na kadiri unavyokata ndo inazidi kutoa. Maji mwagia chini kwenye shina, ukilowesha majani kila jioni utauona ule ukungu mweupe kama unga.

Ila linalonigusa moyo hasa ni impatiensi, la chini ya mti, pale kivulini ambapo hata ukoka unagoma. Hili ni la kwetu jamani, linaota lenyewe kwenye misitu ya Afrika Mashariki yenye unyevu! John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyelipeleka kwao, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, siku hizi kitaalamu ni Impatiens walleriana. Huko Ulaya likawa ua la msimu wanalonunua upya kila mwaka kwa sababu baridi yao inaliua, wakati hapa Arusha ukilipa kivuli na udongo wenye mboji linakaa tu na linachanua karibu mwaka mzima. Yaani sisi ndo tungepaswa kuongoza kulipanda. Tafuta kale katunda kake ka kijani kalikovimba, kaguse kidogo tu, kanapasuka hapohapo, ganda linajikunja kama kamnyoo na mbegu zinaruka huko, ndo maana ukiwa nalo moja baada ya muda unakuta miche imejiotea pembeni.

Wala usinunue. Omba tawi kwa jirani, kata chini ya kifundo, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani, wiki mbili hivi lina mizizi. Ukianza katikati ya mwezi wa pili, mvua za kwanza za masika zinalikuta tayari kwa kupandwa.